Upepo wa Ipagala Unaamka Saa Ngapi?

"Upepo wa hapa unaamka saa ngapi?"

Swali hilo, mwanangu Debora, lilinishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya takwimu ambayo haikuwa imenipatia kazi, na nilikuwa nimesimama katikati ya karakana ya baba yako pale Ipagala, Dodoma, nikiwa na karatasi mkononi. Aliyeniuliza alikuwa Mzee Ndahani, fundi wa siku nyingi aliyekuwa akifanya kazi kwa baba yako. Aliuliza huku anapiga randa, hata macho hakuinua, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Nimelikumbuka jana uliponitumia zile picha tatu za mashine za kupulizia vanishi, ukaandika chini yake, "Shangazi, nichukue ipi? Zote naziweza, ila moja tu." Umepata chumba cha kazi huko Mtera, una benchi, una misumeno yako, na wateja wameanza kukuambia kwamba vanishi ya brashi ina michirizi. Ulitaka nikujibu ya kwanza, ya pili au ya tatu. Nitakujibu, lakini si kwa namba, na itabidi univumilie maana nina mengi.

Najua unacheka ukisoma "mwanangu". Tumepishana miaka kumi na miwili tu, na juzi juzi ulikuwa ukivaa viatu vyangu bila kuniomba. Lakini mimi ni dada wa baba yako, na shangazi hata awe mdogo kiasi gani, mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Hiyo sikuibuni mimi. Ni moja ya mambo machache niliyoyakuta nikayaacha yalivyo.

Mengine yote niliyahoji. Nilimhoji mchungaji, nikamhoji bibi yetu, nikawahoji walimu wangu chuoni hadi mmoja akaniomba nimpe nafasi amalize kipindi. Baba yako aliponichukua karakanani, kwa huruma tu kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani miezi saba, wiki ya kwanza nilimuuliza kwa nini msasa unafuata mkondo wa mbao, wiki ya pili kwa nini gundi inasubiriwa usiku kucha wakati kwenye kopo wameandika inakauka kwa saa nne. Alikuwa akinijibu mara mbili, ya tatu anasema, "Foibe, shika ufagio."

Mzee Ndahani alikuwa akitoka Zuzu kwa baiskeli. Akifika anasimama mlangoni, anasema "Mbukwenyi" kwa sauti ya chini, salamu ya Kigogo ya kutusalimu wote kwa pamoja, kisha mimi namwamkia shikamoo. Msimu wa zabibu ukifika, analeta ndoo imefunikwa kwa majani, anaiweka juu ya benchi bila kusema ni ya nani. Kazi yake kubwa ilikuwa kung'arisha. Alikuwa anachovya kitambaa cha pamba kwenye polishi, anasugua mbao kwa mizunguko midogo, siku mbili, siku tatu, mpaka ubao unakuwa kama umelowa maji. Ilikuwa kazi nzuri sana, na ilikuwa inatuchelewesha. Watu wa Ipagala walikuwa wanajenga kila siku, wanataka makabati yenye mng'ao wa dukani, wanayataka wiki hiyohiyo.

Ndipo baba yako akaamua kununua mashine ya kupulizia. Pesa yake ilitosha mashine moja ya bei ya chini, isiyorudishwa. Akanipa mimi kazi ya kuchagua, kwa kuwa nina simu na nina maswali.

Mwanangu, nilifanya kazi hiyo kama mtihani. Nilitazama video hadi macho yakawasha. Nilisoma maoni ya watu ambao hata nchi zao sijui zilipo. Nikachora jedwali: nguvu ya mota, ukubwa wa kikombe, urefu wa waya, kasi ya kumaliza mlango mmoja. Iliyoshinda ilikuwa mashine yenye boksi kama kifyonza vumbi, bomba nene, na hewa yake yenyewe, hewa nyingi ya moto. Haikuhitaji kompresa ya kuisukumia hewa, na kwenye video ilipaka kabati zima kabla chai haijapoa. Ya mwisho kabisa, niliyoikata kwa kalamu nyekundu, ilikuwa bastola ndogo ya kupulizia yenye kikombe juu, ya bei ya kama jozi moja ya viatu vya kazini, ambayo bila kompresa ni pambo tu.

Nikawasomea matokeo. Ndipo Mzee Ndahani akauliza lile swali lake.

Nilimwambia upepo haumo kwenye jedwali.

"Basi liongezee mstari," akasema.

Nikamweleza kwa upole, ule upole unaoudhi, kwamba sisi hatupulizii nje, tunapulizia ndani ya karakana. Mzee akaacha randa. Akageuka akatazama upande wa mashariki, ambako hatukuwa na ukuta, kisha upande wa kusini, ambako pia hatukuwa na ukuta. Baba yako alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. Mimi sikucheka, na mstari sikuuongeza. Niliona ni swali la wazee la kumrudisha msomi mahali pake, na nilikuwa nimeyazoea.

Mashine ikanunuliwa.

Sasa nikuambie kuhusu kitanda cha Stella, maana huenda wewe ulikuwa mdogo mno, hukuelewa kilikuwa kitu gani. Mama Stella alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili, mjane. Mumewe alifanya kazi ya reli, na alipokuwa Tabora alinunua mbao za mninga, chache, nene, akazileta Dodoma akisema ni za kitanda cha binti yake atakapoolewa. Binti alikuwa bado anatambaa. Mbao zilikaa chini ya kitanda cha wazazi miaka mingi. Baba akafariki, mbao zikabaki hapohapo. Stella alipochumbiwa, mama yake alizileta kwetu kwa mkokoteni, akitembea pembeni yake kama anasindikiza mgonjwa.

Kwenye ubao mmoja, ule mpana kuliko yote, palikuwa pameandikwa "Stella" kwa penseli nene ya fundi. Ilikuwa hati ya mtu asiyeandika mara kwa mara, herufi zimesimama mbalimbali. Marehemu aliandika siku aliyozinunua, ili zisichanganyike na mbao za wenzake kwenye behewa. Mama Stella alimwambia baba yako afanye atakavyo na mbao zote. "Ila hapa," akasema, akiweka kiganja juu ya jina, "hapa randa isipite."

Baba yako alikitengeneza kitanda kile kwa adabu ambayo sijamwona nayo tena. Ubao wenye jina akaufanya wa kichwani, jina likabaki kwenye kona ya chini, upande wa mke. Akalizungushia msasa laini kwa kidole, kama unavyomfuta mtoto karibu na jicho. Kilichobaki kilikuwa vanishi tu, na sherehe ya kumuaga Stella ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu, mwezi wa nane, saa tisa alasiri, nikawasha mashine yangu. Mzee Ndahani alikuwa ameenda msibani Zuzu. Baba yako alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mteja, na alikuwa ameniambia nianze na miguu ya kitanda. Mimi nikaanza na ubao wa kichwani. Ndiko kwenye uzuri, na nilitaka akirudi akute.

Unajua Dodoma ya mwezi wa nane ilivyo mchana. Nguo unaianika, ukimaliza kuanika ya mwisho ya kwanza imekauka. Vanishi ni nini mbele ya hali hiyo? Ilitoka kwenye mashine ikiwa tone, ikakutana na hewa ya moto ya mashine yenyewe na upepo mkavu wa upande usio na ukuta, ikafika kwenye mbao ikiwa unga. Mimi nilikuwa nimevaa miwani, naona ukungu mweupe, nadhani ndivyo inavyokuwa. Niliendelea mpaka kikombe kikaisha. Nilipovua miwani, ubao wa mninga ulikuwa umepauka kama mguu wa mtu aliyetembea vumbini. Nikapitisha mkono. Ulikuwa msasa. Na ndani ya msasa huo palikuwa na vumbi letu jekundu, punje kwa punje, limenasa.

Jina lilikuwa chini yake. Lilionekana kama kitu kilichozama.

Baba yako aliporudi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa mbele ya ubao, akauliza, "Si nilisema miguu?" kisha akaondoka kwenda kukaa nje.

Jumanne asubuhi Mzee Ndahani alinikuta nimeshaanza kusugua. Nilikuwa nimefika karibu nusu ya ubao, nalikaribia jina, najiambia kwamba nikisugua polepole nitaondoa vanishi na penseli itabaki. Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama kipande cha mkanda. Akachukua msasa akauweka mfukoni mwake, akapapasa ubao kuanzia juu hadi kwenye kona, macho amefumba.

"Umesoma mashine," akasema. "Ulipoiweka hujapasoma."

Nikaanza kujieleza. Nikataja joto, nikataja kasi ya kukauka, nikamweleza kisayansi kabisa jinsi nilivyoharibu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kabla hatujagusa chochote niende kwa Mama Stella nikamwambie. Nikamuuliza kwa nini tusijaribu kwanza, tukishindwa ndipo tumwambie. Akaniambia, "Jina ni lake. Sisi tumeshika mbao tu."

Nilitembea mtaa mmoja kama natembea kwenda Singida. Mama Stella alikuwa uani na wenzake wawili, wanachagua mchele wa sherehe kwenye sinia. Nilimwambia mbele yao, maana nilijua nikimwita pembeni nitadanganya. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Na huyu ndiye yule msomi?" Mama Stella akamnyamazisha kwa kidole. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele kwa muda. Kisha akaniambia kwamba ile penseli mumewe alikuwa akiiweka sikioni, hata kanisani, na yeye ndiye aliyekuwa akiitoa kabla hawajaingia.

"Jaribuni," akasema. "Likifutika, mniletee hivyohivyo. Msije mkaandika lingine."

Mwanangu, mpaka leo sijawahi kusemwa vikali kuliko hapo.

Niliporudi, Mzee Ndahani alikuwa amefunga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye waya unaoning'inia upande usio na ukuta. Aliniambia kazi yangu ni kukitazama. Kikining'inia wima niandike saa, kikianza kucheza niandike saa, kikilazwa na upepo kama bendera niandike. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Mpaka ujue." Nilihoji mambo mengi maishani, lakini kuandika takwimu siwezi kukataa. Nikachukua lile jedwali langu, nikaligeuza nyuma, nikaanza.

Wakati huohuo alinituma kununua ile bastola ndogo niliyoikata kwa kalamu nyekundu. Hewa tuliipata kwa Athumani, fundi pancha aliyekuwa nyuma ya ukuta wetu, mwenye kompresa ya kujazia matairi. Alirusha bomba la mpira la hewa juu ya ukuta, akapiga kelele kutoka upande wa pili kwamba tukimaliza kitanda tumkumbuke kwa stuli, maana amechoka kukaa juu ya ringi ya gari. Akatuonya pia tufungue koki ya chini ya tangi kwanza, maji yatoke, la sivyo tutapulizia maji.

Ile siku yote na iliyofuata Mzee hakugusa kitanda. Alichukua vipande vya mbao vya kutupwa, akaniambia niandike "Stella" kwa penseli ya fundi juu ya kila kimoja. Alasiri ya Jumanne akaniamuru nivipulizie kwa mashine kubwa, upepo ukiwa umechachamaa, niviharibu kama nilivyoharibu ubao. Nilimuuliza kama ananidhihaki. Akasema huwezi kujua dawa bila kuwa na ugonjwa.

Alfajiri ya Jumatano tukaanza kutibu. Yeye alijua jambo moja kutokana na kitambaa chake: kwamba polishi mpya hulainisha ya zamani zikashikana. Tukajaribu kufanya hivyo kwa hewa. Tulitia thina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi, nyingi, na vanishi kidogo kwenye kikombe cha bastola, tukapulizia juu ya ule unga ili uyeyuke ulale. Kipande cha kwanza, thina ilizidi, jina likatiririka kama wanja wa mtu anayelia. Cha pili nilikaa mbali, ukazidi unga. Cha tatu nilisimama mahali pamoja kidogo tu, likafanyika dimbwi. Mzee alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Usisimame. Anza kabla ya ubao, maliza umeshaupita."

"Mkono usizunguke kama mlango. Tembea nao."

"Rudi shibiri moja. Ongeza vidole vinne. Hapo."

Vipande saba tuliviharibu siku hiyo. Alasiri nikaandika "Stella" mara nne zaidi, nikavichafua. Alhamisi alfajiri, vyote vinne vilisafika. Unga uliyeyuka, ukalala, ukawa kioo, na penseli ikabaki chini yake, herufi kwa herufi.

Na karatasi yangu ilikuwa imejaa. Upepo wa Ipagala, mwezi wa nane, hulala kabla ya jua. Kipande cha plastiki kilikuwa wima tangu tunapofika, gizagiza, mpaka yapata saa mbili na nusu. Saa tatu kinatingishika. Saa sita hadi saa kumi na moja kinalala kama bendera na vumbi linatembea. Jioni hutulia, lakini ardhi inakuwa bado moto. Nilikulia pale. Nilisoma pale. Nilikuwa naweza kukuambia mashine ina wati ngapi, na nilikuwa sijui saa ambayo upepo wa nyumbani kwetu huamka.

Ijumaa tulifika kabla ya wote. Tukamwagia sakafu maji vumbi lilale, tukaning'iniza magunia yaliyolowa kwenye pande mbili zisizo na ukuta. Baba yako akalivaa koti lake la kanisani, sijui kwa nini, akasimama kwenye kona. Nikavaa barakoa. Mzee akasema, "Anza mbali na jina, ulifikie ukiwa umezoea."

Nilianza juu kushoto. Nilipofika kwenye kona ya chini sikusimama. Nilianza kabla ya jina, nikamaliza nimeshalipita, nikarudi mara moja tu, nikazima. Kwa muda haikuonekana kitu, ubao ulikuwa umelowa na mweupe. Halafu ule weupe ukaanza kuondoka kuanzia pembeni, kama ukungu wa bwawani jua likipanda, mninga ukatoka na wekundu wake, na ndani ya wekundu ikatoka S, ikatoka t, zikatoka zote.

Baba yako alivuta pua. Alisema ni thina.

Jumamosi asubuhi kitanda kilibebwa na watu sita. Mama Stella alipiga goti akatazama kona ya chini, akaweka kiganja palepale alipokiweka siku ya kwanza. Kisha akanitazama mimi, si baba yako, akasema ahsante, mwanangu, akasimama akaenda kwa wageni wake.

Sasa zile picha zako tatu. Ya kwanza ni dada wa ile mashine yangu kubwa. Si mbovu. Ile yetu bado ipo, ndiyo inayopaka rangi ya maji kwenye kuta na mageti, na inafanya vizuri sana. Lakini kwa vanishi inayokauka haraka, mahali pakavu, hewa yake ya moto itakutesa. Ya tatu ina kikombe kikubwa kuliko kazi zako. Vanishi itakayobaki ndani itaganda, na utakuwa unaosha kuliko unavyopulizia. Ya pili, ile ndogo ya kikombe juu, ndiyo ningeichukua, ikiwa tu kuna mtu karibu mwenye kompresa mnayeelewana naye. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka aifungue mbele yako hadi sindano ya ndani, kisha uifunge tena wewe mwenyewe. Ukishindwa kuifungua dukani hutaiosha nyumbani, na bastola isiyooshwa haimalizi mwezi. Uliza kama zile ringi zake za mpira zinauzwa hapohapo au zinaagizwa. Pesa itakayobaki usiile, nunua barakoa ya vichujio, siyo ya kitambaa. Mapafu hayana duka.

Hayo ni ya mashine. La kwangu hasa ni hili: usinunue wiki hii. Funga kipande cha plastiki kwenye waya hapo nje ya chumba chako, ukitazame siku saba. Mimi naujua upepo wa Ipagala. Wa Mtera, penye maji mengi namna ile, siujui, na yeyote atakayekuambia anaujua bila kukaa hapo na kuandika, mwulize ameujuaje. Nami pia niulize. Haya yote niliyoandika yajaribu kwenye kipande cha kutupwa kabla hujayaweka kwenye kazi ya mtu. Na ukiharibu, maana utaharibu, mwambie mwenye mbao kabla hujagusa msasa.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako isitetemeke penye jina la mtu, awalete wateja wenye subira, na asubuhi zako ziwe tulivu kabla upepo haujaamka.

Nimebakiza jambo moja. Mwaka juzi nilikwenda Zuzu kumsalimia Mzee Ndahani, siku hizi haendeshi tena baiskeli. Nililala kwao, na alfajiri mkewe akaniambia mzee yuko shambani. Nilimkuta kwenye mistari ya zabibu zake, bomba la dawa mgongoni, anapulizia. Hewa ilikuwa imetulia kabisa. Alikuwa anatembea na mkono wake, hausimami, hauzunguki, anaanza kabla ya mche na kumaliza ameshaupita. Nilisimama pale nikamtazama mstari mzima. Alipofika mwisho nilimuuliza alijifunzia wapi kupulizia vanishi, kwenye karakana gani ya ujana wake.

Akacheka mpaka bomba likatingishika mgongoni. Hakuwahi kupulizia vanishi, akasema. Bastola ile hajaishika hata siku moja. Na kweli, nilipofikiri, wiki nzima ile ilikuwa mkononi mwangu, mikono yake iko mgongoni.

"Maswali yote yale," akasema, "hilo hukuniuliza."

Vile vipande kumi na kimoja, nilidhani ananifundisha. Tulikuwa tunajifunza wote wawili.